Mashavu ya Moti

Juzi vijana walifyeka majani nyuma ya kanisa letu. Mvua ilikuwa imepiga alfajiri, na ile harufu ikaingia mpaka ndani wakati wa maombi. Jirani yangu kwenye benchi akavuta pumzi, akasema, "Harufu ya baraka hii." Wengine wakisikia majani mabichi yaliyokatwa wanakumbuka shamba. Mimi nakumbuka kanga ya mama iliyolowa mgongoni, na shingo ya farasi, na hofu.

Ndiyo, farasi, tena hapahapa Kariakoo. Mliokulia mitaa ile miaka yetu, miaka ya foleni za sukari na unga wa njano, mtamkumbuka farasi mweupe wa harusi za Wahindi. Bwana harusi anapandishwa juu na kilemba chake, ngoma zinapigwa mbele, na sisi watoto nyuma tunakanyagana. Yule farasi jina lake Moti. Aliyemshika hatamu, saisi wake, alikuwa baba yangu, Eliya. Ninyi mlikuwa mnakimbia na kupiga miluzi, mimi natembea pembeni nimenyoosha shingo kama binti wa waziri.

Baba alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Farasi alijifunza kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la ngano upande wa magharibi wa mlima. Shamba lilipotaifishwa wanyama wakauzwa, na Moti akanunuliwa na mjane wa Kihindu wa Dar, Mama Kusum. Baba akaja naye, maana Moti alikataa katakata kupanda lori bila yeye. Basi ndiyo hadithi ya sisi kufika mjini: tumeletwa na farasi.

Mama Kusum alizaliwa Kariakoo kabla baba hajajua hata njia ya kuja, na Kiswahili chake kilimwacha baba mbali. Ghorofa lililojengwa na mumewe serikali ilikuwa imeshalichukua, akawa anapanga vyumba viwili humohumo kwenye nyumba yake mwenyewe. Kilichobaki chake ni Moti, na banda la mabati nyuma ya ghala moja upande wa Gerezani. "Huyu ndiye mwanangu wa kiume," alikuwa anasema, na akimpa sukari guru mkononi alikuwa anamwita kwa Kigujarati, maneno laini laini ambayo hata binti yake, Kusum mwenyewe, sikusikia akiitwa hivyo.

Na sisi pia tulikuwa tunaishi kwa farasi huyo. Sisemi mshahara tu. Miaka ile kulikuwa na misako. Mtu asiye na kazi ya kueleweka alikuwa anakamatwa na kupandishwa lori, arudi kwao akalime. Nyumba ya nyuma yetu walimchukua baba mwenye watoto watano, sufuria ikaachwa jikoni inachemka. Balozi wetu wa nyumba kumi alijua kila mtu anaamkia wapi. Na baba asingekuwa na pa kurudi. Kwetu mlimani kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, anapewa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Baba alikuwa wa katikati. Wa katikati anaambiwa ajitafutie.

Mwaka huo mvua za masika zilipoisha, mdogo wangu Tumaini alivimba mashavu. Mwenye nyumba wetu, Bi Zuhura, alimgeuza uso kwenye mwanga wa mlango akacheka.

"Mama Neema, hodi hodi imeingia. Matubwitubwi hayo."

Mama alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Aliomba kwanza, mkono juu ya kichwa cha Tumaini, mpaka mwisho, hakuruka neno. Ndipo akamwachia Bi Zuhura achukue masizi ya chungu, ayachanganye na mafuta kidogo, ampake mtoto kuanzia chini ya sikio mpaka kidevuni. Tumaini akawa kama fisi mdogo. Siku chache baadaye mashavu yakarudi. Mama akamshukuru Mungu, Bi Zuhura akayashukuru masizi, na mimi nikayaweka yote mawili moyoni.

Haikupita wiki, baba akarudi na Moti kutoka Jangwani, na Moti mashavu yamejaa.

Siku ambazo hakuna harusi baba alikuwa anamchunga kulekule Jangwani, bonde la Msimbazi, ambako baada ya mvua majani yanafika kiunoni. Asubuhi Moti alitoka mzima. Jioni, chini ya masikio, pale taya linapoanza, kulikuwa na uvimbe huku na huku, kama amefichiwa maembe mawili. Baba alimshika, akamtazama mdomoni, akanusa pumzi yake. Kesho yake alfajiri uvimbe umepungua, jioni ukarudi mkubwa zaidi. Huko mlimani miaka yote hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Wachukuzi wa mikokoteni waliokuwa wanapumzika nje ya ghala hawakumwonea huruma.

"Eliya! Farasi wako anakula bila kumeza?"

"Kaweka akiba huyo. Kasikia habari za foleni."

"Au kaambukizwa na kijana wako? Si naye alikuwa hivihivi juzi?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba naye alicheka kidogo, kwa adabu. Mimi sikucheka. Nilimtazama Moti, nikamkumbuka Tumaini, nikaona mashavu ni yaleyale. Kwa akili yangu ya utoto lilikuwa jambo la wazi kabisa: uvimbe haupotei, unahama. Ulitoka kwetu, ukaenda kwa Moti.

Mama Kusum akaleta bwana mifugo. Alikuwa mtu mpole, mikono yake haikuwa na haraka. Alimbonyeza Moti pole pole, akampima joto, akamtazama puani. Sisi watoto tulisimama mlangoni mwa banda.

"Homa hana," alisema. "Pua haitoi kitu. Yawezekana ni majani tu. Kipindi hiki yana nguvu, farasi wengine yanawakataa, zile tezi za chini ya masikio zinavimba. Atolewe kwenye bonde lile. Kama ni majani, uvimbe utashuka wenyewe kesho au keshokutwa."

"Na usiposhuka?" Mama Kusum akauliza.

Bwana mifugo akafunga mkoba wake. "Usiposhuka, mama, itakuwa ni ugonjwa wa kuambukiza, na upo mmoja unaoshika mpaka watu. Hapa katikati ya mji siwezi kuuachia. Ijumaa nitakuja na askari mwenye bunduki."

"Eliya, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Hatakanyaga tena bondeni."

Na kweli hakukanyaga. Baba alimfungia bandani siku ileile. Mama Kusum akanunua pumba na majani makavu yaliyotoka sijui wapi, magumu kama ya kujazia godoro. Moti akayanusa, akayapuliza, akageuza kichwa ukutani.

Sasa hapa anayetoka kwetu atanielewa haraka. Mlimani ng'ombe haendi malishoni. Anakaa ndani, karibu na moto, karibu na watoto, na mwanamke anashuka tambarare kumkatia majani, anapandisha mzigo kichwani kilomita kadhaa. Mwanamke anayeacha mnyama wa ndani alale njaa anasemwa mpaka kwenye misiba. Mama alilelewa hivyo. Alipomsikia Moti anagonga kwato kwa njaa, hakumuuliza mtu. Kabla hakujapambazuka vizuri alichukua mundu na kamba, akaniamsha, tukashuka Jangwani.

Alikata haraka, ameinama, kanga imefungwa kifuani, umande unamlowesha mpaka magotini. Mimi nilikuwa nafunga vitita vidogo. Alichagua majani mororo, yale ya karibu na maji. "Haya ndiyo matamu," alisema. Akajitwika mzigo mkubwa, maji yanamchuruzika mgongoni, tukapanda kurudi Gerezani huku watu wa sokoni ndiyo kwanza wanafungua. Moti alitusikia tukiwa bado nje. Alivyokula! Mama akasimama anamtazama, mikono kiunoni, uso umeng'aa kama mtu aliyelisha mgonjwa uji ukakubali.

Baba alituona. Hakutukataza. Kwake yeye kuchunga ni kitu kimoja na majani ya kuletewa ni kitu kingine kabisa. Mama Kusum alipomuuliza, "Anakula nini?", alijibu, "Vya ndani tu, mama." Na hakuwa anadanganya. Angekwambia vivyo hivyo mbele ya Biblia.

Asubuhi na jioni tulimletea. Mama Kusum alikuwa anakuja mchana, wakati mzigo umeshaliwa, na anakuta makavu yako palepale, akidhani Moti anayala kidogo kidogo. Uvimbe ukakaa. Sasa hata asubuhi haukushuka, maana usiku pia alikuwa ana chakula. Alhamisi jioni baba alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu.

"Kesho wanampiga," alisema.

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama. "Na sisi?"

"Balozi ameshaniuliza leo. Kiutani. 'Eliya, farasi akifa utakuwa saisi wa nani?'"

Mama aliweka ungo chini, akapiga magoti palepale penye pumba, akaomba kwa Kichaga, lugha aliyoitumia kwa Mungu tu mambo yakiwa makubwa. Nililala upande wa ukuta nikiwa nasikia jina la Moti katikati ya maneno. Nikawaza, mama ameshafanya upande wa Mungu. Upande wa masizi hakuna anayeufanya.

Basi alfajiri ile ya Ijumaa tulipoenda na majani, nilikuwa nimeficha kopo la masizi kwenye kanga. Mama alimwaga mzigo wa kwanza, akarudi nje kwenye kona kuchukua wa pili aliouacha pale, maana siku hiyo alikata mara mbili. Nafikiri alitaka Moti afe akiwa ameshiba. Nilipanda juu ya ndoo, nikampaka Moti. Kulia, kushoto, kuanzia chini ya sikio. Hakusogea. Aliendelea kutafuna, na chini ya kiganja changu nilisikia taya linavyozunguka, na ule uvimbe, laini, wa moto. Farasi mweupe, mashavu meusi.

Ndipo Mama Kusum akaingia. Hakuwahi kuja saa zile. Alikuja kumuaga, sukari guru imefungwa kwenye pindo la sari.

"Hai Ram!" Akaachia pindo, sukari ikaanguka. "Imeshaoza! Eliya! Eliya, nyama imeshaoza!"

Baba akaja mbio kutoka nyuma. Mama Kusum alikuwa ameshamfikia Moti, ameshika shavu kwa mikono miwili, analia. Kisha akatazama viganja vyake. Vyeusi. Akavisugua. Akanitazama mimi juu ya ndoo.

"Ni dawa," nikasema. "Tumaini alipona."

Sijui angesema nini. Lakini Moti alikuwa bado anatafuna, na mate yakamdondokea Mama Kusum kwenye mkono, juu ya yale masizi. Aliyatazama muda mrefu.

"Eliya. Majani makavu yanatoa mate ya kijani?"

Na mama akaingia mlangoni, mzigo kichwani, maji yanamtoka.

Mama Kusum aliuliza taratibu, kama anayeogopa jibu, "Mama Neema, majani hayo yanatoka wapi?"

"Jangwani, mama. Nimemchagulia yale mororo."

Niliona kwenye uso wa baba jambo linamfikia. Alikaa chini, kwenye samadi.

Nje gari likasimama. Bwana mifugo aliingia na askari nyuma yake, bunduki begani. Akamtazama farasi mwenye mashavu meusi, mwanamke mwenye mzigo, mwanaume aliyekaa kwenye samadi, akasema, "Hapa kuna nini?"

Mama angeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi, hasa nikiwa na jambo langu la kusema ukweli ambalo litanigharimu. Angeweza kusema mzigo ni wa mbuzi wa jirani. Aliushusha chini, akaufungua kamba, akasimama mbele ya kifua cha Moti, na mundu bado mkononi, mpaka askari akarudi nyuma hatua.

"Ulisema asiende bondeni," alimwambia bwana mifugo. "Hakwenda. Mimi ndiye niliyemletea bonde. Asubuhi na jioni. Kama kuna wa kupigwa, ugonjwa wake umetoka kwenye mkono huu."

"Nilimtuma mimi," baba akasema kutoka chini.

"Hukunituma, Baba Neema. Usiongeze dhambi."

"Nilimtuma mimi, bwana."

"Eliya nyamaza," Mama Kusum akasema, machozi yanatoka na kicheko kinatoka pamoja. "Wewe kumtuma mwanamke huyu? Wewe?"

Bwana mifugo aliokota unyasi mmoja, akaunusa, akauweka mfukoni. Hakumkemea mtu. "Ningesema neno zima zima," alisema. "Asichunge, asiletewe, asinuse. Ni kweli nilisema bonde." Akamwambia askari akangoje garini. Kisha akatoa majani yote mwenyewe pamoja na mama, mpaka yale yaliyoingia chini ya samadi, na akampa Moti muda mpaka kesho yake jioni.

Kesho yake jioni mashavu yalikuwa yameshuka. Mapya kabisa, kama hayakuwahi kuvimba, ila na kivuli cha masizi ambacho hata sabuni ya mche ilishindwa. Mimi nilijua nani kamponya. Niliamini hivyo hadi utu uzima, nina watoto tayari, nilipoingia darasa la jioni na mwalimu wa sayansi akachora kichwa cha mtu ubaoni, akaonyesha tezi za mate zinapokaa, chini ya sikio. Wenzangu wakanakili. Mimi nilikaa na kalamu hewani, nasikia taya linazunguka chini ya kiganja.

Moti alipona. Lakini gari la askari lilikuwa limeonekana Gerezani, na habari ikafika kwa watu waliomkodi kwa harusi ya wiki iliyofuata. Wakamwambia Mama Kusum kwamba farasi wanamtaka, ila yule mtu wa farasi hawamtaki, nyumba yake ina ugonjwa, mtoto wake alivimba. Ugonjwa ulishamtoka Moti, ukawa umehamia kwetu. Mama Kusum alikuja mwenyewe mpaka chumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda cha mama, akakataa chai.

"Eliya, wewe si mwongo. Hilo nitamwambia mtu yeyote. Lakini kitu changu ni hicho kimoja."

"Najua, mama," baba akasema.

"Ningekuwa na kingine..."

"Najua."

Mama ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani. Balozi alikuja jioni ileile, bila utani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia baba, balozi akiwa bado mlangoni, "Tutaondoka wenyewe, kwa miguu yetu, mchana kweupe. Hawatanipandisha lori kama gunia." Mungu aliyewatoa mlimani, alisema, anajua njia ya kurudi. Baba aliuliza tutalima wapi. Mama akasema hajui. Alisema bila kutetemeka, na mimi, ambaye leo nasema hivyohivyo kwa wanangu, najua sasa ndani alikuwaje.

Siku ya harusi mama alitaka twende tukaone. Baba hakutaka, akaja. Tulisimama mbele ya maduka ya vitambaa, Tumaini begani kwa baba. Moti alikuja kati ya ngoma, maua shingoni, bwana harusi juu amefunikwa uso, na mtu mgeni kashika hatamu, kajana kembamba kenye wasiwasi. Alipofika usawa wetu Moti akasimama. Akamtoka kijana mkononi, akanyoosha shingo juu ya watu, akaweka pua kwenye kanga ya mama, ananusa, ananusa, huku na huku, anatafuta.

Ngoma zikakatika. Bwana harusi akashika manyoya. Kijana akavuta, akamchapa, Moti hata hakutikisa sikio. Watu wakaanza kupiga kelele, "Kagoma! Farasi kagoma!" Nilimwona Mama Kusum nyuma ya wanawake, mkono mdomoni, anamtazama baba. Hakumwita. Asingeweza kumwita mbele ya wale watu.

Mama alifungua viganja vyake viwili, akamwonyesha Moti. Havikuwa na kitu.

Baba akamshusha Tumaini chini. Akapiga ulimi kwenye kaakaa, mara moja, kwa sauti ndogo ambayo nadhani ni sisi tu tuliisikia, na Moti. Moti akageuza kichwa, akaenda. Ngoma zikaanza tena. Baba aliendelea kutazama ule mgongo mweupe mpaka ulipopinda kona, na ulipopinda mama akafunga kanga vizuri, akamshika Tumaini mkono.

"Haya," akasema. "Twendeni tukafunge mizigo."